Kila Uchafu na Dawa Yake

Maelekezo ya usafi yanayozunguka kwenye simu siku hizi yanafanana kwa jambo moja: yote yanapenda povu. Mwaga magadi ya unga, yale ya kuokea mikate, kwenye tundu la sinki, mimina siki juu yake, kisha tazama yanavyochemka. Povu lile linavutia macho, na mtu huamini kwamba kitu chenye kishindo namna ile hakikosi kung'oa uchafu. Kumbe siki na magadi vikikutana humalizana nguvu. Hewa inayotoka ni kaboni dioksidi, ileile inayotiwa kwenye soda ya chupa, na kinachobaki ndani ya sinki ni maji yenye chumvichumvi, hayana tena uchachu wa siki wala ukali wa magadi. Dawa mbili nzuri zimetumika na matokeo yake ni karibu na maji matupu. Utaratibu wa zamani wa kusafisha nyumba kwa vitu vya jikoni haukwenda hivyo. Ulikuwa utaratibu wa kuchagua: huu ni uchafu wa aina gani, na nini kinauweza? Ujuzi huo wa kuchagua ndio wenye thamani kuliko ndimu yenyewe au jivu lenyewe, na ndio unaotupotea.

Tuanze na vichachu: ndimu, limau, ukwaju, siki. Kazi yao kubwa ni uchafu wenye asili ya mawe na madini. Chukua birika la kuchemshia maji katika nyumba ya pwani. Maji ya visima vya Mombasa au Unguja hupita kwenye mawe ya matumbawe na kuyeyusha chokaa njiani. Yakichemshwa, chokaa ile hujitenga na kuganda chini ya birika, ikawa gamba jeupe, gumu, linalokwaruza kijiko. Ulisugue kwa sabuni mpaka jioni, halitoki, kwa sababu sabuni imeumbiwa mafuta, haiwezi jiwe. Kamua ndimu mbili tatu, tia maji ya kulifunika gamba, chemsha, kisha acha nusu saa. Vipovu vidogo vitapanda kutoka kwenye gamba lenyewe, nalo litalegea na kumomonyoka. Povu hili, tofauti na lile la sinki, lina kazi: uchachu unaila chokaa. Shaba nayo ni hivyohivyo. Masinia, madele ya kahawa na njumu za milango ya Zanzibar huingia weusi kwa sababu shaba hushikana na hewa ya oksijeni na kufanya utando juu yake. Asidi ya ndimu au ya ukwaju huuyeyusha utando huo, na chumvi ikiongezwa hufanya kazi mbili: chembe zake husugua, na kloridi iliyomo huichochea asidi. Lakini walioijua kazi hii hawakuishia hapo. Sinia lilisuuzwa mara moja kwa maji mengi, likapakwa jivu kavu lililochekechwa, likafutwa kwa kitambaa mpaka likang'aa. Hatua hiyo ya mwisho si mapambo. Uchachu ukiachwa juu ya shaba huendelea kuila, na baada ya siku chache huota madoa ya kijani.

Ndimu ina kazi nyingine ambayo mpishi wa pwani hahitaji kuelezwa, nayo ni kuondoa shombo ya samaki mikononi, kwenye kisu na kwenye ubao wa kukatia. Wengi hudhani harufu ya ndimu inaifunika tu ile ya samaki. Sivyo. Kinachonuka ni kemikali nyepesi ya jamii ya magadi inayotokea samaki anapoanza kuchacha, na inaruka kwa urahisi hewani hadi puani. Ikikutana na asidi hugeuka kuwa chumvi isiyoruka, ambayo maji yanaweza kuiondoa. Ndiyo maana ndimu hutangulia na sabuni hufuata.

Upande wa pili wamo jivu na magadi, na hao adui yao ni mafuta. Jivu la kuni lina potasiamu kaboneti, ambayo huyeyuka kwenye maji na kuyafanya yawe makali na ya kuteleza. Magharibi mwa Kenya maji ya jivu yanajulikana jikoni kwa kulainisha mboga za majani. Kwenye kuosha vyombo, maji hayohayo yakiwa ya moto hukutana na mafuta yaliyoganda kwenye chungu na kuyageuza sehemu yake kuwa sabuni palepale, huku chembe za jivu zikisugua. Aliyesugua chungu kwa jivu, maji ya moto na kumbi la nazi alikuwa anatengeneza sabuni na kuitumia kwa wakati mmoja. Magadi ya mawe ni ndugu yake jivu, ila yana sodiamu badala ya potasiamu. Yanatoka Ziwa Magadi, kusini mwa Kenya, ambako kampuni ya kuyachimba iliundwa mwaka 1911, na kwenye Ziwa Natron, upande wa pili wa mpaka, Tanzania. Mama anayetia kipande kwenye sufuria ya maharage ili yaive upesi anatumia madini ambayo, yakishasafishwa, huuzwa kwa viwanda vya vioo na vya sabuni za unga. Kwa hiyo mpaka tunaouchora kati ya vitu vya kienyeji na vitu vya kiwandani si mnene kama tunavyodhani. Na sufuria hiyohiyo ya maharage inatufundisha jambo jingine. Ikiwa ni ya alumini, itatoka motoni imeingia weusi kwa ndani, kwa sababu magadi hushambulia alumini. Ukiisugua kwa jivu au kwa magadi zaidi unaongeza weusi. Dawa yake iko upande ule mwingine: chemsha ndani yake maganda ya ndimu zilizokwisha kukamuliwa, na weusi utaondoka.

Madoa ya nguo ndiyo yanayoonyesha wazi zaidi kwamba nguvu peke yake haitoshi. Mchuzi wenye manjano umedondokea kanzu nyeupe. Mtu anakimbilia sabuni ya mche, na doa linageuka jekundu kama damu. Hofu inaingia, anaongeza sabuni, doa linazidi. Rangi ya manjano ina tabia ya kubadilika ikikutana na kitu cha jamii ya magadi, na sabuni ni mojawapo. Wekundu ule si doa jipya, nao hurudi kuwa njano nguo ikisuuzwa vizuri. Linaloidhoofisha rangi hiyo kweli ni jua. Kanzu ikishaoshwa mafuta yake ikaanikwa juani ikiwa mbichi, doa hupungua kila siku hadi likapotea. Damu nayo ni ya maji baridi na chumvi, kwani maji ya moto huipika protini yake ikashikana na nyuzi.

Kuna watakaosema haya yote yamepitwa na wakati. Sabuni ya maji inauzwa kila mtaa, kwenye chupa na madumu yaliyotumika, kwa bei ambayo mtu wa kipato kidogo anaimudu. Mjini wengi wanapikia gesi, hata jivu lenyewe hawana. Hoja hii ina uzito, na hakuna sababu ya kumrudisha mtu kwenye jivu ikiwa sabuni inamtosha kwa vyombo vyenye mafuta. Lakini sabuni haiondoi gamba la birika wala weusi wa shaba, na kwenye maji ya chumvi ya pwani hushikana na chokaa ikafanya utando mweupe mpya juu ya vigae na ndoo. Asiyejua kwamba uchafu wa chokaa unataka uchachu ataishia kununua sabuni kali zaidi na zaidi, au atatupa birika zima. Wengine wanalalamika kwamba kusafishia ndimu ni kumwaga chakula. Hapo jibu ni jepesi, maana ganda la ndimu lililokamuliwa, lenye chumvi kidogo juu yake, linatosha kusafishia ubao na mbuzi ya kukunia nazi.

Pingamizi zito kuliko yote ni la vijidudu, na hapa mtetezi wa vitu vya jikoni hana budi kurudi nyuma. Kitu kinachong'aa si lazima kiwe salama. Siki na ndimu huua baadhi ya bakteria, lakini si zote, na si kwa kupitisha kitambaa mara moja. Kuhusu kunawa mikono kwa jivu, wachunguzi wa Cochrane, mtandao unaopitia tafiti za afya, walipitia tafiti zilizokuwepo mwaka 2020, wakakuta ushahidi ni haba mno kusema jivu linazuia maambukizi au halizuii. Nyumbani mwenye mgonjwa wa kipindupindu, kwa hiyo, si mahali pa ndimu. Ni pa sabuni, maji yaliyochemshwa na klorini. Hata hivyo mila zenyewe zilikuwa na njia ya kuua vijidudu, nayo ilikuwa moto. Wamaasai husafisha vibuyu vya maziwa kwa kijinga cha mti maalumu kinachoingizwa ndani kikiwa na makaa, na Wakalenjin hufanya karibu hivyo kabla ya kutia maziwa ya kugandisha yaitwayo mursik. Joto na moshi huingia kwenye vinyweleo vya kibuyu ambavyo kitambaa hakivifikii. Hawakuchukua kitu kichachu wala maji ya jivu, kwa sababu tatizo halikuwa mafuta peke yake bali kuharibika kwa maziwa. Tena ni hapahapa, kwenye vijidudu, ndipo desturi ya kuchanganya inapogeuka hatari. Dawa ya klorini, ambayo wengi huiita jiki, ikichanganywa na siki au ndimu hutoa gesi ya klorini, na gesi hiyo huunguza mapafu. Ikimwagwa juu ya mkojo mwingi chooni hutoa gesi nyingine kali za jamii hiyo. Atakayetumia klorini aitumie na maji peke yake, mlango ukiwa wazi.

Wapo pia wanaoamini kwamba kitu cha asili hakiwezi kudhuru. Nyumba za kale za Lamu na za Mji Mkongwe wa Zanzibar zinakanusha hilo. Kuta na sakafu zake zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na kupigwa lipu ya chokaa iliyochomwa kutokana na mawe hayohayo. Lipu hiyo ikishakauka na kukomaa huwa na kemia ileile ya gamba la birika. Siki inayong'arisha birika, ikimwagwa sakafuni kila wiki ili nyumba inukie vizuri, huila sakafu taratibu, ikaiacha na uso wa unga na vishimo. Marumaru ya mezani na terazo za nyumba za karne iliyopita zina udhaifu huohuo, kwa kuwa chembe za marumaru ndizo zilizosagwa ndani ya terazo. Sakafu za aina hii zinataka maji na sabuni laini, zikaushwe kwa kitambaa, na anayetaka harufu nzuri afukize udi.