Kobalti ya Mutoshi na motokari ya kujiungia

Kobalti inayochimbwa Mutoshi, Kolwezi, inaishia katika betri za motokari ambazo mchimbaji hana uwezo wa kuzinunua. Kumbe iko ya bei ndogo zaidi, ya mafuta, isiyodai kiwanda.

Mwaka 1957 Mwingereza Colin Chapman alitoa Lotus Seven: chasi ya mabomba ya chuma, bodi ya alumini, chini ya kilo 600. Wanunuzi waliiunga nyumbani, maana kodi iliangukia motokari zilizokamilika tu. Mwaka 1996 mwalimu Ron Champion aliandika kitabu cha kujenga inayofanana nayo kwa pauni 250, kwa injini ya Ford Escort kuukuu.

Mchomeaji vyuma wa Kolwezi angeiweza chasi hiyo. Tatizo ni tumbo lake: liko chini mno kwa mashimo ya barabara.