Ushuru wa Vipodozi: Mwananchi Aijue Hesabu Kabla ya Kulipa

Malalamiko juu ya ushuru unaotozwa kwa vifaa vya urembo na usafi wa mwili viagizwavyo kutoka ng'ambo yamezidi kuwa mengi, na haifai tena kuyanyamazia. Kinyozi wa Ngamiani aagizapo mashine za kunyolea kutoka China, msusi wa Chumbageni aagizapo mafuta ya nywele kutoka Dubai, na bwana harusi aagizapo udi na uturi kutoka Muscat, wote hukutana na jambo moja: bei waliyomlipa muuzaji ni sehemu tu ya gharama. Sehemu iliyobaki huisikia mzigo ukishafika, na mara nyingi huisikia kinywani mwa kishoka asiyekuwa ofisa wa forodha wala wakala mwenye leseni.

Tuseme waziwazi tangu mwanzo. Sisi hatumo miongoni mwa wale wanaotaka ushuru ufutwe. Taifa lisilokusanya kodi haliwezi kujenga shule, zahanati wala barabara, na anayedai huduma hizo huku akiikimbia forodha anataka wenzake wambebe mgongoni. Tunachodai ni kwamba mwananchi aijue hesabu ya ushuru kabla hajatoa fedha yake, na aijue kwa Kiswahili anachokielewa.

Mkoa wa Tanga una sababu yake ya pekee ya kulitazama jambo hili kwa makini. Mwaka 1888 Sultani Khalifa bin Said wa Zanzibar aliikodisha pwani yetu kwa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, na miongoni mwa mambo makubwa aliyoyakodisha ni haki ya kukusanya ushuru wa forodha. Mwezi wa Agosti mwaka huo watumishi wa Kampuni walipokuja Pangani kushika madaraka hayo, wenyeji waliwakataa. Vita vilivyoongozwa na Abushiri bin Salim vikaenea katika mwambao, hata Serikali ya Ujerumani yenyewe ikalazimika kuleta majeshi. Abushiri alinyongwa hapo hapo Pangani mwezi wa Desemba 1889. Sababu za vita vile zilikuwa nyingi, lakini nyumba ya forodha ilikuwa katikati yake.

Wazee wetu walifahamu kwamba ushuru unaotozwa na mtu usiyemjua, kwa hesabu usiyoonyeshwa, kwa manufaa usiyoyaona, ni unyang'anyi. Leo ushuru unatozwa na Serikali yetu, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, iliyopitishwa na wawakilishi wetu. Hiyo ni tofauti kubwa. Lakini tofauti hiyo haitoshi kuwamo katika vitabu vya sheria peke yake. Haina budi kuonekana pale dirishani, mwananchi anapoulizia mzigo wake.

Hebu basi tuieleze hesabu yenyewe. Tangu tarehe 1 Januari 2005 nchi za Jumuiya zina ushuru wa pamoja kwa bidhaa zitokazo nje ya Jumuiya. Hapo mwanzo ngazi zilikuwa tatu: sifuri kwa malighafi na mitambo, asilimia 10 kwa bidhaa zilizotengenezwa nusu, na asilimia 25 kwa bidhaa zilizokamilika. Mwezi wa Julai 2022 iliongezwa ngazi ya nne ya asilimia 35 kwa baadhi ya bidhaa ambazo Jumuiya inaweza kujitengenezea.

Tuchukue kinyozi aliyeagiza kwa meli mzigo ulio katika ngazi ya asilimia 25. Bei ya bidhaa ni shilingi 1,000,000, nauli ya meli 180,000 na bima 20,000. Forodha haiitazami bei ya dukani peke yake. Huanza na jumla ya vyote vitatu, yaani shilingi 1,200,000. Asilimia 25 ya jumla hiyo ni 300,000, na huo ndio ushuru wa forodha. Kisha ushuru huo hujumlishwa na thamani ya mzigo, zikawa 1,500,000, na juu ya jumla hiyo mpya hutozwa Kodi ya Ongezeko la Thamani, ambayo kiwango chake cha kawaida Tanzania Bara ni asilimia 18, yaani shilingi 270,000. Bila kuhesabu tozo nyingine, kama ile ya maendeleo ya reli iliyoanzishwa mwaka 2015, kinyozi wetu anadaiwa shilingi 570,000.

Hapo ndipo ugomvi unapozaliwa. Kinyozi alisikia kuna asilimia 25 na asilimia 18. Akajumlisha, akapata 43, akaweka akiba ya shilingi 430,000. Anapoambiwa 570,000 huamini kwamba ameibiwa, ilhali hakuibiwa na mtu: ni kodi iliyopandishwa juu ya kodi, na hakuna aliyemweleza. Zile shilingi 140,000 alizopungukiwa huenda zilikuwa kodi ya pango la kibanda chake. Wakati anapozitafuta, mzigo unalala ghalani na gharama za ghala zinaongezeka. Ndipo kishoka humwendea na kumnong'oneza kwamba lipo dirisha la nyuma.

Ziko bidhaa ambazo hubeba mzigo wa tatu, yaani ushuru wa bidhaa. Katika bajeti ya mwaka 2019/20 nywele za bandia ziliwekewa ushuru huo, asilimia 10 kwa zinazotengenezwa nchini na asilimia 25 kwa zinazotoka nje. Turudie mfano wetu kwa bidhaa yenye ushuru wa bidhaa wa asilimia 25 juu ya ule wa forodha. Zile 1,500,000 zinaongezeka shilingi 375,000, na kodi ya asilimia 18 juu ya jumla hiyo inakuwa 337,500. Kodi zote pamoja zinafika shilingi 1,012,500, zaidi ya bei aliyolipwa muuzaji. Msusi mwenye mtaji mdogo anastahili kuyajua haya kabla hajatuma fedha, maana akiyajua baada ya kuagiza, mtaji wake umekwisha kufungwa.

Jambo jingine lisilofahamika vema ni tofauti kati ya mzigo wa msafiri na mzigo ulioagizwa. Sheria ya Jumuiya inamruhusu msafiri mtu mzima kuingia bila ushuru na manukato na maji ya kunukia yasiyozidi nusu lita kwa jumla, na kati ya hiyo manukato yenyewe yasizidi robo. Mahujaji wetu warudipo na vichupa vya uturi mifukoni hunufaika na ruhusa hiyo. Lakini ruhusa ni ya msafiri na vitu vyake mwenyewe. Mtu aliyekaa Tanga akaagiza kichupa kama hicho kwa kifurushi hawezi kudai haki ya hujaji, wala hujaji hawezi kujaza sanduku la vichupa vya kuuza kisha akayaita yote matumizi ya nyumbani.

Forodha pia ni mlinzi wa afya zetu. Katika Jedwali la Pili la Sheria hiyo, mahali zinapotajwa fedha za bandia kuwa ni kitu kisichoruhusiwa kabisa kuingia nchini, zimetajwa pia sabuni na vipodozi vyenye zebaki. Zebaki ndiyo iliyomo katika krimu nyingi za kuchubua ngozi. Huharibu figo na mishipa ya fahamu, na humdhuru mtoto aliye tumboni. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 umezifanya nchi nyingi za dunia ziungane kuipiga vita. Hapa kwetu, tangu mwaka 2019, usimamizi wa ubora wa vipodozi umo mikononi mwa Shirika la Viwango. Basi ofisa anayeifungua katoni ya krimu na kuikagua asidhaniwe kuwa anatafuta sababu ya kumsumbua mtu. Huenda anamwokoa binti wa mtu.

Tukisha kusema hayo, hatuna budi kuwakemea wale wanaoichezea hesabu. Wapo waagizaji wanaomwomba muuzaji aandike ankara mbili, moja ya kweli na moja ya forodha. Wapo wanaouandikia mzigo wa biashara kuwa ni zawadi. Wapo wanaopitisha katoni kwa njia za panya karibu na Horohoro, au kuzishusha usiku katika bandari bubu za mwambao wetu. Huu ni ulanguzi, hata ukiitwa ujanja wa mjini. Adhabu ya maelezo ya uongo kwa forodha yaweza kufika kifungo cha miaka mitatu au faini ya dola 10,000. Na anayeumia kwanza ni kinyozi mwenziwe aliyelipa kodi halali, ambaye sasa hawezi kuuza kwa bei ya mkwepaji.

Sisi tuliosoma chuoni kabla ya kuingia shule ya Serikali tulifundishwa mapema Sura ya Mutaffifin, inayowaonya wapunjao vipimo: wajipimiapo hutaka kamili, na wawapimiapo wengine hupunguza. Onyo hilo linamhusu mwagizaji anayepunguza thamani ya mzigo wake. Linamhusu vile vile mtumishi wa umma anayekadiria zaidi ya haki ili aombwe apunguze. Mizani ni moja, na wote wawili wanasimama mbele yake.

Kwa hiyo tunatoa rai. Kwanza, hesabu kama hii tuliyoieleza ibandikwe kwa Kiswahili chepesi katika ofisi za mapato, katika posta na mpakani Horohoro, na viwango vibadilikapo baada ya bajeti ya Juni, bango libadilishwe mara moja. Pili, kila makadirio yatolewe kwa maandishi yakionyesha kila kodi kwa mstari wake, na asitozwe mtu kwa jumla ya mdomo. Tatu, matawi ya Chama yawaalike maofisa wa mapato wakutane na vinyozi, wasusi na wauza manukato katika kata zao. Mkutano wa saa mbili waweza kuzuia magendo mengi kuliko doria ya mwezi mzima.

Wananchi nao wana wajibu wao. Uliza kiwango kabla ya kuagiza. Tunza ankara ya kweli na hati ya nauli. Dai stakabadhi ya kila shilingi unayolipa. Ukiona umekadiriwa isivyo haki, Sheria inakupa siku 30 za kumwandikia Kamishna ili alitazame upya shauri lako, naye ana siku 30 za kukujibu. Haki hii haitumiki kwa sababu wengi hawajui kama ipo, na wakati huo kishoka hula mahali ambapo barua moja ingetosha.

Tena tujiulize kama kila kitu ni lazima kitoke mbali. Bidhaa iliyotengenezwa katika nchi za Jumuiya, ikiwa na cheti cha uasili, haitozwi ushuru wa forodha, na kwa mizigo midogo isiyozidi dola 2,000 ipo hati rahisi inayopatikana mpakani. Mafuta ya nywele ya Nairobi au Kampala yaweza kumfaa msusi wa Tanga kwa gharama ndogo zaidi. Na mji huu uliowahi kutengeneza sabuni ya unga ya Foma, ikatumika kote nchini, hauna sababu ya kuamini kwamba usafi wa mwili ni lazima uje kwa meli.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Daftari la forodha ni mali ya umma. Lifunguliwe mbele ya mwananchi, alisome, kisha alipe akijua analipa nini. Naye asiyelipa baada ya hapo asipate pa kujificha.