Tone la Maji Ndani ya Wiski

Wapo wapenzi wa wiski ya Uskoti wanaochukia kumwona mtu akiitia maji. Kinywaji kimelala miaka 12 au 18 ndani ya pipa la mwaloni, iweje leo mtu aje na jagi? Mimi niko upande wa mwenye jagi, na kemia inatuunga mkono.

Wiski ya kimea inayotoka kiwanda kimoja hutengenezwa kwa vitu vitatu tu: shayiri iliyooteshwa, maji na hamira. Sheria ya mwaka 2009 inataka inerekwe kwenye vyungu vya kunerekea, ilale kwenye mapipa ya mwaloni hukohuko Uskoti kwa miaka isiyopungua 3, na isishuke chini ya asilimia 40 ya kileo. Ndani ya mipaka hiyo finyu huzaliwa harufu nyingi ajabu. Hamira hutengeneza esta zinazonukia ndizi mbivu na tufaha. Shaba ya vyungu vya kunerekea hunasa misombo ya salfa ambayo ingenuka vibaya. Pipa likiunguzwa kwa ndani, lignini ya mti huvunjika na kutoa vanilini, ileile inayotupa harufu ya vanila, na mwaloni wa Marekani huongeza laktoni zenye harufu ya nazi.

Kisha kuna moshi, na hapo ndipo penye utamu wa habari yenyewe. Katika kisiwa cha Islay, chenye upepo mkali na miti michache, watu walizoea kuchoma udongo mweusi wa kinamasi, ambao ni mabaki ya mimea iliyozama kwa maelfu ya miaka bila kuoza kabisa. Shayiri ikikaushwa juu ya moto huo hunywa misombo ya moshi: fenoli, kresoli na guayakoli. Anayenusa Laphroaig, wiski ya kisiwani humo, kwa mara ya kwanza mara nyingi husema ananusa wodi ya hospitali, na pua yake haijamdanganya: mwaka 1865, mjini Glasgow, daktari Joseph Lister alianza kuua vijidudu vya vidonda kwa asidi ya kaboli, ambayo ni fenoli yenyewe.

Ulimi hautambui lolote kati ya hayo. Wenyewe unajua utamu, uchachu, chumvi, uchungu na ladha ya mchuzi wa nyama. Mengine yote ni kazi ya pua, inayofikiwa na mvuke unaopanda kutoka kooni. Tatizo ni kwamba kileo kikali huamsha vipokezi vilevile vinavyopokea ukali wa pilipili, na pua inayowashwa hainusi vizuri.

Maji hupunguza mwasho huo, lakini hayaishii hapo. Mwaka 2017 Björn Karlsson na Ran Friedman, wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Linnaeus nchini Sweden, waliigiza kwa kompyuta mwenendo wa guayakoli ndani ya mchanganyiko wa maji na kileo. Kileo kikizidi asilimia 59, molekuli zake huizingira guayakoli na kuizuia ndani ya kimiminika. Kikiwa asilimia 45 au chini, guayakoli hukusanyika juu, pale kinywaji kinapokutana na hewa, tayari kuifikia pua. Ni molekuli moja tu kati ya nyingi, lakini ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya moshi ule.

Maji nayo yana kipimo chake. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington, uliochapishwa mwaka 2023, uligundua kuwa yakizidi sehemu moja kwa nne za wiski, wiski za aina moja huanza kufanana mno hata kwa wanusaji waliofunzwa.

Kwa hiyo nusa kwanza kavu, midomo ikiwa wazi kidogo, glasi ikiwa nyembamba juu ili mvuke usitawanyike. Onja kidogo sana. Chupa ya asilimia 40 inahitaji matone tu. Ile iliyotolewa pipani bila kuzimuliwa ni kesi nyingine, hata kama maji yanapita kidogo kipimo kile cha moja kwa nne: mililita 30 za asilimia 60 zikitiwa mililita 10 za maji hushuka hadi takriban 45, palepale guayakoli inapopanda juu. Ikifanya ukungu, usiimwage. Hizo ni esta za asidi za mafuta zinazoshindwa kuyeyuka kileo kinapopungua. Viwanda vingi huzichuja kwa baridi ili chupa ing'ae, na nyingine hutoka nazo.