Kati ya gari la kale na jipya, mwamuzi ni fundi

Kiswahili kina ada ya kumpa mtu methali mbili zinazokinzana, kisha kikamwachia mwenyewe kazi ya kuchagua. Wahenga walionena kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda ndio hao hao waliotuonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Kwa miaka mingi nimewaambia wanafunzi wangu kwamba methali hizi hazipingani hata kidogo, ila kila moja hungojea mahali pake. Sikudhani kamwe kwamba siku moja ningetakiwa kulithibitisha dai hilo mbele ya magari mawili.

Mpwa wangu, mhasibu wa miaka 33 jijini Nairobi, ameweka akiba kwa miaka tisa ili anunue gari la spoti. Msomaji asiharakishe kumhukumu. Kijana huyu hana deni, ana gari jingine la kuibebea familia yake, na mkewe alilijua jambo hili tangu siku za uchumba. Kila mtu ana kijiwazimu chake. Wengine hununua ng'ombe wa maonyesho, wengine huoa harusi za kuwaacha maskini. Mwezi uliopita alinijia akiwa na uso wa mtu aliyekosa usingizi.

"Mjomba," akaniambia, "nimepata mawili. Moja lina umri kunizidi, jingine bado linanuka upya. Pesa zangu zinatosha moja tu. Nishauri."

La kwanza lilikuwa Datsun 240Z la mwaka 1972, lililofunikwa turubai katika ua wa nyumba moja mjini Nakuru. La pili lilikuwa Nissan 370Z la mwaka 2020, liking'aa katika uwanja wa muuza magari. Magari haya ni ya ukoo mmoja, babu na mjukuu. Yote mawili yana viti viwili tu, kwa hivyo hapakuwa na haja ya kudanganyana kwamba mojawapo lingefaa kuwapeleka watoto shuleni.

Babu alizinduliwa nchini Japani mwaka 1969 kwa jina la Fairlady Z. Inasimuliwa kwamba Yutaka Katayama, aliyekuwa akiongoza biashara ya kampuni hiyo Marekani, aliona jina hilo halifai kwa gari la mbio, akaamuru lindolewe na mahali pake pawekwe 240Z. Mimi kama mwanaisimu nampa kongole, kwa kuwa jina lile jipya ni maelezo kamili: injini ya lita 2.4 yenye silinda sita zilizojipanga mstari mmoja. Bei yake Marekani ilianzia dola 3,526, na watu waliokuwa wakitazama magari ya spoti ya Ulaya kwa mbali wakajikuta wanaweza kumiliki moja.

Lakini sisi Wakenya hatukulijua gari hili kwa bei. Tulilijua kwa vumbi. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda Safari Rally wakiwa ndani ya 240Z, na nafasi ya pili ikatwaliwa na gari lingine la aina hiyo hiyo likiendeshwa na Shekhar Mehta. Mwaka 1973, Safari ilipokuwa sehemu ya mashindano mapya ya ubingwa wa dunia, Mehta mwenyewe akashinda pamoja na Lofty Drews. Mehta alizaliwa Uganda, akawa miongoni mwa Waasia waliohama nchi hiyo enzi ya Idi Amin, na ushindi huo wa gari la Kijapani ukawa ushindi wa Afrika Mashariki nzima. Marehemu baba yangu alikuwa akinisimulia jinsi walivyosimama kandokando ya barabara ya tope sikukuu ya Pasaka, wakasikia sauti ya injini ile kabla hawajaiona. Mpaka anaaga dunia aliweza kuiiga kwa mdomo.

Basi nikiri mapema kwamba nilikwenda Nakuru nikiwa nimekwisha kuamua. Nilitaka kijana anunue la kale.

Hata hivyo, haki inanilazimu nilisemee lile jipya. 370Z lina injini ya lita 3.7 na nguvu za farasi zinazozidi 320, ilhali lile la kale lilitangazwa kuwa na takriban 150. Hata tukizingatia kwamba la kale ni jepesi, kiasi cha kilo elfu moja hivi dhidi ya elfu moja na mia tano, bado hesabu inalielemea: kila farasi wa babu ana mzigo wa karibu kilo saba, wa mjukuu hauzidi kilo tano. Jipya lina mifuko ya hewa ya kumkinga dereva ajalini, breki zisizonata magurudumu yanapoteleza, na kompyuta ambayo, ukishusha gia, yenyewe hupandisha mwendo wa injini ili gia iingie bila mshtuko. Kazi hiyo madereva wa zamani walijifunza kwa nyayo za miguu yao kwa miaka. La kale halina hata moja kati ya hayo. Ukigonga mti kwa gari la mwaka 1972, wewe na mti ndio mtakaojadiliana.

Sheria nayo ina sauti yake. Kanuni za Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa Nchini, KEBS, haziruhusu gari lililotumika kuingizwa nchini iwapo limezidi miaka minane tangu lisajiliwe kwa mara ya kwanza. Kwa kanuni hiyo, 370Z la 2020 lina muda wake wa kupita bandarini, nao u karibu kwisha, tena kwa ushuru mkubwa kwa sababu ya ukubwa wa injini. Kwa 240Z mlango huo ulifungwa zamani. Mtu wa kawaida anayelitaka hapa nchini hana budi kutafuta katika yale machache yaliyobaki, na kila moja linalokatwakatwa na kuuzwa kama vipuri haliachi mrithi.

Hilo ndilo lililokuwa likimsumbua mama mwenye gari kule Nakuru. Mumewe alilitunza kwa miaka thelathini. Tangu afariki, miaka kumi na mmoja iliyopita, halijawahi kuwashwa. Alitukaribisha chai, kisha akatueleza bila kuzungukazunguka kwamba dalali mmoja alikuwa amempa bei ili alichukue, alibomoe na kuuza vipande. Bei ilikuwa nzuri, na mjukuu wake anatakiwa kulipiwa karo Januari.

"Sikatai pesa," alisema, "ila mzee alikuwa akiliosha kila Jumapili baada ya misa. Naona vibaya kuliuza kilo kilo kama nyama."

Tulikuwa tumemwita fundi, mzee wa miaka 74 aliyelihudumia gari hilo enzi za uhai wa mwenyewe. Alifunua turubai, akainama, akaanza kugongagonga bati la sakafu kwa ufunguo wa spana. Mahali pengine palilia kwa sauti kavu ya chuma. Pengine pakatoa sauti ya boga. Kutu ndiyo maradhi makuu ya gari hili: hula sakafu, hula mihimili iliyo chini yake, hula mahali betri inapokaa, na mara nyingi rangi ya juu hubaki ikitabasamu. Kisha akaweka betri aliyokuja nayo, akasafisha njia za mafuta, akamimina petroli mpya, na baada ya saa mbili na jasho jingi injini ikakohoa, ikakohoa tena, ikanguruma.

Hapo ndipo nilipoona jambo lililonifanya niandike makala haya. Injini ile hupokea hewa na mafuta kupitia kabureta mbili, na zote mbili sharti zivute kwa kipimo kimoja, la sivyo silinda tatu zitafanya kazi na tatu zitabebwa. Mzee alitoa mfukoni kipande cha mpira wa kupitishia maji, urefu wa mkono. Akaweka ncha moja sikioni na nyingine kwenye mdomo wa kabureta ya kwanza, akafumba macho. Akahamia ya pili. Akazungusha skrubu robo mduara, akasikiliza tena. Alikuwa akilinganisha mvumo na mvumo, kama mimi ninavyolinganisha irabu na irabu. Mara injini ikatulia, na mama mwenye nyumba akaketi kwenye ngazi, mkono kinywani.

Mpwa wangu alikuwa tayari kutia mkono mfukoni. Mzee ndiye aliyemzuia.

"Kijana wangu, chukua lile jipya," alisema.

Tulidhani anatania. Akaendelea kufuta mikono yake kwa kitambaa. "Vipuri si shida. Nje huko bado wanavitengeneza, utaagiza. Shida ni huu mpira. Mimi nina miaka sabini na minne na sikio moja limeanza kuniacha. Vijana niliowafunza wote wamekwenda kwenye magari ya kompyuta, na siwalaumu, huko ndiko kuliko na wateja. Nikienda, nani atalisikiliza gari lako?"

Katika taaluma yangu tunafunza kwamba lugha haifi siku kamusi yake inapopotea. Hufa siku mzungumzaji wa mwisho anapokosa mtu wa kumjibu. Wayaaku wa msitu wa Mukogodo kule Laikipia walihamia Kimaa, na lugha yao ya asili ikabaki vinywani mwa wazee wachache. Nimelisema hilo darasani mara nyingi kwa sauti ya huzuni ya kisomi. Sikuwahi kufikiri kwamba maarifa ya mikono nayo hufa kwa njia hiyo hiyo, tena mlangoni petu, huku sisi tukimwita mwenye maarifa hayo fundi wa jua kali na kupunja malipo yake.

Kwa hivyo naiona sasa kasoro ya ushauri niliokuwa nimeubeba kutoka Nairobi. Nilitaka kijana anunue kumbukumbu za baba yangu kwa pesa zake. Mtu anayelipenda gari la kale kwa sababu ya picha ukutani atalisukuma hadi gereji mara tatu, kisha atalirudisha chini ya turubai, na hapo ameliua polepole kuliko yule dalali. Hata watengenezaji wenyewe walilielewa hili. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Nissan ilipokosa gari jipya la ukoo huu la kuuza Marekani, ilinunua 240Z kuukuu, ikawapa mafundi hodari wazifanye upya, ikaziuza tena. Penzi lilikuwepo, lakini kwanza walitafuta mikono.

Msomaji mpenzi, ikiwa nawe umesimama kati ya magari mawili ya namna hii, nakupa maoni yangu. Ukitaka kuwasha gari asubuhi na kufika uendako, kuwa na bima kamili bila kubembeleza kampuni, na kulala bila kuota kutu, nunua jipya, wala usimwache mtu akuonee haya. Utakwenda nalo kilomita 110 kwa saa zinazoruhusiwa kwenye barabara kuu kama mwenye la kale, na ukikutana na matuta yetu utainama zaidi yake. Lakini ukilitaka la kale, usianze na bei. Anza na fundi. Umwone, umwulize nani anajifunza kwake, na kama hakuna, basi gharama ya kumlipa mwanafunzi wake iwe sehemu ya gharama ya gari. Kisha tenga fungu jingine kwa ajili ya bati, breki na viti vya vali, hasa kwa injini iliyoundwa wakati petroli ilikuwa na risasi, ambayo hapa kwetu iliondolewa kufikia mwaka 2006. Na uandike kila senti. Mali bila daftari huisha bila habari.

Mpwa wangu hajanunua lolote. Alimwomba yule mama ampe muda hadi mwisho wa Novemba, akamwachia amana ambayo haitarudishwa, inayotosha karo ya muhula mmoja. Tangu hapo kila Jumamosi alfajiri hupanda matatu kwenda Nakuru kwa yule mzee. Wiki ya kwanza aliosha plagi. Ya pili alichomwa na bomba la moshi. Wiki iliyopita alinipigia simu usiku, akaniambia kwamba mzee amempa mpira, akamwamuru afumbe macho.

"Ulisikia nini?" nikamwuliza.

"Kelele tu, Mjomba."

"Na mzee akasemaje?"

"Akasema nirudi Jumamosi."

Ikifika mwisho wa Novemba kijana awe bado anasikia kelele tu, au awe amechoka kuamka alfajiri, atanunua 370Z na mimi nitakuwa wa kwanza kumpongeza. Lakini ikiwa sikio lake litakuwa limeanza kutenganisha mvumo na mvumo, basi atakuwa amepata kitu ambacho hakiuzwi katika uwanja wa muuza magari yeyote, na lile turubai la Nakuru litafunuliwa kwa mara ya mwisho. Mbachao hauachwi, wala hautandikwi kwa kuwa ni wa kale tu. Hutandikwa na anayejua kuushona unapochanika.