Mchungaji Asiyesikia: Sinema ya Bergman ya Mwaka 1963

Sinema ya Ingmar Bergman iitwayo Nattvardsgästerna, yaani Washiriki wa Chakula cha Bwana, ilitolewa Sweden mwaka 1963. Bergman alikuwa mwana wa mchungaji wa Kilutheri, na mambo ya sakristia aliyajua tangu utoto. Wahakiki wengi husema kwamba sinema hii yahusu ukimya wa Mungu. Wana haki kusema hivyo. Lakini msomaji aliye katika huduma, au anayejiandaa kuingia humo, ataona jambo lililo karibu naye zaidi: mchungaji asiyeweza kumsikiliza mtu.

Habari yote yatukia katika saa chache za Jumapili moja ya Novemba. Mchungaji Tomas Ericsson, mgane tena mgonjwa wa mafua, amemaliza ibada yenye washarika wachache mno. Mvuvi Jonas Persson analetwa kwake na mkewe Karin, ambaye ni mjamzito. Jonas amesoma gazetini kwamba Wachina watapata bomu la atomiki, na tangu hapo hana hamu ya kuishi. (China ilijaribu bomu lake la kwanza Oktoba 1964, basi hofu yake haikuwa ndoto tupu.) Baadaye anarudi peke yake. Tomas anamwuliza maswali machache, kisha anaanza kueleza mashaka yake mwenyewe: mke aliyefariki, vita vya Hispania alivyovifumbia macho, na Mungu aliyejitungia, mpole kama baba, aliyempenda yeye kupita wengine. Ungamo limegeuzwa. Aliyekuja na mzigo anatwikwa na mzigo wa mchungaji wake. Jonas anaondoka, na punde anajiua kwa bunduki kando ya mto.

Tusiharakishe kumhukumu Tomas kwa kukosa imani. Mchungaji mwenye mashaka aweza kunyamaza na kusikiliza, na mwenye imani thabiti aweza kumzika mgonjwa chini ya maneno yake.

Alasiri Tomas anafika kanisa la pili, Frostnäs. Mtunza kanisa, Algot Frövik, mtu mwenye kibiongo na maumivu ya muda mrefu, amekuwa akisoma habari za mateso. Anasema kwamba tunayakazia mno maumivu ya mwili wa Yesu, hali yeye Algot ameumia mwilini kwa muda mrefu zaidi. Lililo zito, aonavyo, ni wanafunzi waliolala, Petro aliyekana, na kule kuachwa msalabani. Huyu asiye na shahada amefanya ufafanuzi wa Maandiko ulio bora kuliko mahubiri mengi, na safari hii Tomas anasikiliza karibu bila kusema neno. Kisha anaanza ibada kwa maneno ya Isaya 6:3. Mabenchini yumo Märta tu, mwalimu asiyeamini anayempenda.

Hata hivyo, kuna upungufu. Tomas alipompelekea Karin habari ya kifo, alimwuliza kama wasome Biblia pamoja. Karin akakataa, na Tomas akaenda zake. Kamera ikatoka naye. Karin alibaki nyumbani na watoto, akiwa bado hajawaambia, na sinema haikurudi tena kwake.