Dawa ya Karafuu Imo Katika Vitenzi

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii aghalabu huelekezwa kwa wafanyabiashara, lakini mimi ilinijia nilipokuwa nikisahihisha kazi za wanafunzi wangu wa somo la maana za maneno. Nilikuwa nimewataka kila mmoja arudi kwao, amwulize mzee mmoja kuhusu dawa tano za nyumbani, kisha aziandike kwa Kiswahili pamoja na namna ya kuzitumia. Kazi moja ilikuwa na hati nzuri na sarufi isiyo na dosari. Chini ya kichwa "Maumivu ya tumbo" mwanafunzi aliandika: "Chukua karafuu maiti, chemsha, kunywa kikombe kimoja." Pembeni akafafanua kuwa karafuu maiti ni karafuu iliyokauka mno hata ikaishiwa na harufu.

Nilimwita ofisini.

"Binti yangu, nani aliyekwambia haya?"

"Nyanya, Mwalimu. Ila yeye alisema karafuu tu. Nilipofungua kamusi nikaona karafuu, na chini yake karafuu maiti. Nikadhani hiyo ya pili ndiyo ya dawa."

"Na haya maelezo ya pembeni?"

Akainamisha kichwa. "Nilikisia, Mwalimu."

Msomaji anayetoka pwani bila shaka amekwisha kushtuka. Karafuu maiti si karafuu kamwe. Ni kafuri, kile kitu cheupe chenye harufu kali kinachotokana na mti wa Asia ya Mashariki, na ambacho siku hizi hutengenezwa pia viwandani. Hutumiwa kumtayarisha maiti anapooshwa na kukafiniwa, na hapo ndipo lilipotoka neno "maiti" katika jina lake. Kafuri ikimezwa ni sumu. Kiasi kidogo tu chaweza kumtia mtoto degedege. Maneno haya mawili yote yametujia kutoka Kiarabu, moja likiwa "kafur" na jingine "qaranful". Nadhani kufanana kwao kwa sauti na ukali wa harufu za vitu vyenyewe ndiko kulikowafanya wazungumzaji wayafungamanishe, jina la kiungo likapewa dawa ya maiti. Katika isimu hili ni jambo la kawaida. Katika kikombe cha mgonjwa si jambo la kawaida hata kidogo.

Sikumlaumu binti yule peke yake. Sisi walimu ndio tuliomzoeza kuamini kwamba palipo na pengo katika maarifa, neno zuri laweza kuliziba. Nikajiuliza pia: mimi mwenyewe, niliyelelewa katika nyumba iliyonukia karafuu, ningeweza kuandika nini kuihusu?

Ningeanza na mti wenyewe. Mkarafuu asili yake ni visiwa vya Maluku, mashariki ya Indonesia ya leo. Kwa karne nyingi karafuu ilisafirishwa kutoka huko hadi Uchina, Bara Hindi, Uarabuni na Ulaya, huku wanunuzi wengi wasijue inakoota. Inasimuliwa kwamba katika Uchina ya enzi ya Han, maafisa walitakiwa kuweka karafuu kinywani kabla ya kuzungumza mbele ya mfalme, ili pumzi yao isimkere. Mwaka 1770 Mfaransa Pierre Poivre alifanikiwa kupeleka miche yake kisiwani Mauritius, na mwanzoni mwa karne ya 19 mti huo ukafika Unguja kutoka visiwa hivyo vya Bahari ya Hindi. Seyyid Said bin Sultan, aliyehamishia makao yake Unguja mwaka 1840, aliuhimiza sana. Tusisahau kwamba mashamba hayo yalilimwa kwa mikono ya watumwa. Dhoruba ya mwaka 1872 iliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na tangu hapo Pemba ikawa ndiyo mama wa karafuu.

Kinachoitwa karafuu ni tumba la ua lililochumwa kabla halijachanua. Wachumaji hulichambua, yaani hulitenga na kikonyo chake, kisha huanika matumba juani mpaka yageuke rangi ya kahawia iliyokolea. Vikonyo hivyo, ambavyo kwa wingi huitwa makonyo, havitupwi. Kisiwani Pemba, katika kiwanda cha Wawi karibu na Chake Chake, makonyo hupitishwa kwenye mvuke ili yatoe mafuta. Kwa hiyo tuna karafuu, tuna makonyo na tuna mafuta ya karafuu. Ni vitu vitatu vya mti mmoja, na nguvu zao hazilingani.

Sasa tuje kwenye tiba, ambako nomino hazitoshi. Utotoni niliwahi kuumwa na jino usiku wa manane. Nyanya yangu, mwenyeji wa Mombasa, alichukua karafuu moja, akaipachika juu ya jino lililotoboka, akasema: "Bana, usitafune. Mate yakijaa, tema." Wakati ule niliyasikia kama maneno ya kumtuliza mtoto. Leo nayaona kuwa ni maagizo kamili ya dawa. Karafuu inayobanwa hulainishwa na mate, mafuta yake yakatoka kidogo kidogo, jino na ufizi vikaingia ganzi. Karafuu inayotafunwa kwa pupa humwaga mafuta yake yote kwa mara moja na kuwasha ulimi. Anayetema haviingizi tumboni vile asivyohitaji. Vitenzi vitatu tu, navyo vilibeba kipimo, namna na tahadhari.

Vitenzi vingine vipo, na kila kimoja kina kazi yake. Mwenye vidonda vya ufizi au harufu mbaya ya kinywa huambiwa asukutue: karafuu chache huchemshwa, maji yakaachwa yapoe, akayazungusha kinywani na kuyatema. Aliyekula akavimbiwa huambiwa atafune karafuu moja polepole. Mwenye mafua, kichefuchefu au tumbo lililojaa gesi hunyweshwa chai iliyotiwa karafuu mbili tatu pamoja na tangawizi na mdalasini. Mwenye maumivu ya viungo huchuliwa kwa mafuta ya karafuu, lakini baada ya matone machache kuchanganywa na mafuta mengi ya nazi, kwani yakipakwa matupu huunguza ngozi. Aliyezibwa na kamasi hujifukiza. Na bibi harusi wa Unguja husingwa kwa singo ambayo karafuu ni mojawapo ya viungo vyake, ingawa hapo tumekwisha kutoka kwenye tiba na kuingia kwenye urembo.

Je, sayansi inasemaje? Sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu ni kemikali iitwayo yujenoli. Hiyo ndiyo inayotia ganzi, na maabarani imeonekana pia kuua baadhi ya bakteria na kuvu. Madaktari wa meno wanaifahamu vyema, kwa kuwa kwa miaka mingi wameichanganya na oksaidi ya zinki kutengeneza saruji ya kuzibia jino kwa muda. Harufu inayompokea mgonjwa mlangoni mwa zahanati nyingi za meno ni harufu hiyohiyo ya pilau ya nyumbani. Utafiti mmoja uliofanyiwa Kuwait na kuchapishwa mwaka 2006 ulilinganisha jeli ya karafuu, benzokaini na jeli isiyo na dawa kwa watu waliochomwa sindano kinywani. Jeli ya karafuu na benzokaini zote mbili zilipunguza uchungu, na hapakuonekana tofauti kubwa baina yao. Kwa hiyo nyanya hakuwa akibahatisha.

Hata hivyo, nyanya huyohuyo kulipopambazuka alinishika mkono akanipeleka kwa daktari wa meno. Alijua kwamba karafuu hunyamazisha maumivu bila kuondoa kilichoyaleta. Jino lililooza huendelea kuoza chini ya ganzi, na usaha ukijikusanya waweza kusambaa hadi kwenye taya na shingo. Kwake yeye karafuu ilikuwa dawa ya kumvusha mgonjwa hadi asubuhi, wala hakuwahi kuidai zaidi ya hapo.

Hapa ndipo ninapotofautiana na waandishi wa jumbe zinazozunguka katika simu zetu, wanaoitangaza karafuu kuwa tiba ya kisukari, saratani na kila maradhi. Tulipokabiliwa na korona mwaka 2020, watu wengi walijifukiza kwa viungo vya kila namna, karafuu ikiwemo. Huenda mvuke uliwapa faraja ya pua, lakini haikuthibitishwa kwamba uliua virusi, na wapo waliobabuka kwa maji ya moto. Anayeikuza dawa kupita kiasi huivunjia heshima sawa na anayeidharau.

Hatari kubwa zaidi imo katika ile chupa ndogo ya mafuta inayouzwa madukani. Karafuu nzima ina mpaka wake wa kimaumbile: ukali wake humzuia mtu asile nyingi. Mafuta hayana mpaka huo. Kipimo chake ni tone, tena tone lililozimuliwa. Madaktari wameripoti watoto wadogo walionyweshwa au waliojinywea mafuta haya, kiasi cha kijiko kimoja au viwili vya chai, wakapoteza fahamu na maini yao kuathirika vibaya. Ndiyo maana mafuta hayo hayafai kuwekwa kwenye ufizi wa mtoto mchanga anayeota meno, wala kuachwa mahali anapoweza kufikia. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, na mama mjamzito, wasiyatumie kabla ya kumwuliza daktari. Tofauti baina ya "tone" na "kijiko" yaonekana kama swali jepesi la msamiati, ilhali yaweza kuwa tofauti baina ya mtoto anayecheza na mtoto aliyelazwa.

Ndugu walimu, Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 11, inatambua mchango wa sayansi na teknolojia za kiasili katika maendeleo ya taifa. Mwaka 2016 ikatungwa sheria ya kulinda maarifa ya jadi. Hayo ni mema. Lakini sheria hailindi kilichokwisha kusahauliwa, na maarifa haya yanasahauliwa kwa namna ya ajabu: majina yanabaki, vitenzi vinatoweka. Mwanafunzi wa leo anajua kwamba karafuu "hutibu meno". Muulize hutibu vipi, naye atakujibu "hutumiwa". Kitenzi "kutumia" ni kivivu. Kimemeza kubana, kusukutua, kutafuna, kuchua, kufukiza na kutema, kisha kikatuachia jalada tupu.

Kwa hiyo ninapendekeza zoezi ambalo halihitaji fedha wala maabara. Mwanafunzi achukue daftari na kuchora safu sita: jina la dawa kama linavyotamkwa nyumbani, sehemu ya mmea, kitenzi, kipimo, asiyefaa kupewa, na wakati wa kwenda hospitalini. Amwulize mzee, aandike maneno yake bila kuyapamba, na palipo na pengo aache pengo. Kisha mwalimu wa Kiswahili akae na mwalimu wa sayansi wayapitie pamoja. Yatakayobainika kuwa ya hatari yaandikwe kwamba ni ya hatari, hata kama yalisemwa na mzee tunayemheshimu.

Binti yule nilimrudishia kazi yake bila alama, akaenda tena kwa nyanya yake. Safari hii alimsomea alichokuwa ameandika. Bibi huyo, aliniambia, kwanza alicheka, kisha akanyamaza kwa muda mrefu, halafu akauliza: "Na kama ungemchemshia mdogo wako?" Wakaketi jikoni hadi magharibi. Kazi ya pili ilikuwa na kurasa nne, na mbele ya "karafuu maiti" alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: si karafuu, hainywewi.

Wazee wetu wangali nasi, wala hawatudai ada. Tuwaendee tukiwa na daftari, tuwaulize majina, na tusiondoke kabla hawajatupa vitenzi.