Hivi ndivyo Wakongo walivyoikeshesha Dar

Ukimsikia konda akiita "Sinza kwa Remmy", jua anamtaja mgeni aliyegeuka mwenyeji.

Remmy Ongala alizaliwa Kindu, mashariki mwa Kongo, mwaka 1947. Alifika Dar 1978 kujiunga na Orchestra Makassy, baadaye akang'ara na Super Matimila. King Kiki, mzaliwa wa Lubumbashi, naye alikuja kupiga na Maquis.

Kazi haikuwa rahisi. Wikiendi ikifika, Msondo na Sikinde walikuwa na mashabiki wao wa kufa na kuzikana, na ukumbi wa DDC Kariakoo ulikuwa ngome ya Sikinde. Mgeni angepenya vipi?

Kwanza, lugha. Kindu na Lubumbashi watu wanaongea Kiswahili, kwa hiyo hawakuanzia sifuri. Waliimba maisha ya mtaani: umaskini, kifo, mapenzi. Ukiguswa, unainuka mezani kwenda kumtuza mwimbaji.

Pili, ujasiri. Ukimwi ulipoanza kumaliza watu, Remmy alitoa "Mambo kwa Soksi", wimbo wa kuhimiza kondomu. Redio ya taifa haikuupiga. Ukumbini ulipigwa, watu wakacheza huku ujumbe ukiwaingia.

Remmy alifariki Desemba 2010, hapohapo Dar. King Kiki naye ametuachia "Kitambaa Cheupe". Mpaka leo ukipigwa kwenye sherehe, leso nyeupe zinapaa juu. Wewe ukiusikia, unabaki umekaa?